Kuvaa Miwani na Kurusha Ndege ya Abiria: Mwongozo Kamili kwa Kijana wa Tanga

Wenye miwani wanakwama kwenye njia ya urubani kwa namna mbili, na zote zinaepukika. Wa kwanza hajaribu kabisa kwa sababu aliambiwa shuleni kwamba rubani havai miwani. Wa pili anaanzia mwisho: familia inauza kiwanja Pongwe, ada ya chuo inalipwa, ndipo macho yanapimwa na kukutwa na jambo ambalo lingejulikana nyumbani kwa kadi ngumu na pini.

Mpangilio wa mwongozo huu ni mmoja: macho kwanza, cheti cha afya pili, ada mwisho. Ukiruka hatua usilaumu miwani.

Vitu vya kuandaa

- Futi ya fundi inayofika mita 6, na ukuta wenye mwanga wa kutosha.
- Chati ya herufi iliyochapwa kwa vipimo vilivyotajwa hatua ya 1.
- Kadi ngumu (kasha la dawa ya meno linatosha) na pini.
- Karatasi za vipimo vyako vya zamani vya miwani. Mbili zilizopishana mwaka mmoja au zaidi zina thamani kuliko tano za mwezi mmoja.
- Kitambulisho cha NIDA au pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na vyeti vya shule.
- Daftari moja la kuandikia tarehe na kila namba utakayopewa.
- Nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, pamoja na malazi ya usiku mmoja au miwili.

Miwani mipya usinunue bado. Itafika zamu yake.

Mizani utakayopimwa nayo

Rubani wa ndege za biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Msingi wake ni viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), na kwa hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Kwa upande wa macho, yanayotakiwa ni haya:

- Kila jicho peke yake lifike 6/9 au zaidi, kwa miwani au bila miwani.
- Macho yote mawili kwa pamoja yafike 6/6.
- Kwa karibu, usome maandishi ya N5 (N ni saizi ya herufi za chati ya kusomea; namba ikikua, herufi zinakua) kwa umbali unaouchagua kati ya sentimita 30 na 50, na N14 kwa sentimita 100. Huo wa pili ndio umbali wa vipima vilivyo mbele ya rubani.
- Uwanda wa kuona uwe wa kawaida, macho yafanye kazi pamoja, na rangi zitambulike.

6/9 maana yake ni kwamba herufi ambayo jicho zima linaisoma kutoka mita 9, wewe umeisoma ukiwa mita 6. Rudia sasa kifungu cha kwanza: "kwa miwani au bila miwani." ICAO haikuweka kikomo cha jinsi jicho tupu linavyoona vibaya. Mtu wa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) -5.00, ambaye bila miwani haoni sawasawa kitu kilicho zaidi ya sentimita 20 kutoka usoni, anaweza kupata daraja la kwanza ikiwa akivaa miwani jicho linafika.

Swali basi si "navaa miwani ya namba ngapi?" Swali ni "nikivaa miwani sahihi, kila jicho langu linafika wapi?" Wanaokwama kwa kweli ni wale ambao jicho moja haliamki hata likivishwa lenzi gani, na wale wa rangi. Namba kubwa ya miwani inaongeza karatasi tu: ambaye jicho lake tupu ni baya kuliko 6/60 anatakiwa kuleta ripoti kamili ya daktari bingwa wa macho kabla ya cheti cha kwanza, kisha kila baada ya miaka 5.

Hatua ya 1: Jipime nyumbani

Kipimo hiki hakimridhishi daktari yeyote, lakini kinakuambia kama safari ya Dar ni ya matumaini au ya kwenda kutafuta majibu magumu.

Chapa herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Kwa umbali wa mita 6, herufi ya mstari wa 6/60 iwe na kimo cha milimita 87, ya 6/9 milimita 13, na ya 6/6 milimita 8.7. Printa za steshenari hupenda kubana ukurasa, kwa hiyo pima kimo kwa rula baada ya kuchapa. Wengi huchapa chati ya mtandaoni bila kuipima, wakajikuta wanafurahi au kulia bure.

Bandika chati usawa wa macho, asubuhi, mwanga wa dirisha uiangukie na usikupige wewe usoni. Pima mita 6 kwa futi, usihesabu hatua za miguu. Mwombe mtu akuonyeshee herufi bila mpangilio, maana jicho la pili likipimwa kichwa kinakuwa kimeshakariri.

Funika jicho la kushoto kwa kiganja kilichokunjwa kidogo bila kulibonyeza. Jicho lililobonyezwa litaona ukungu kwa dakika kadhaa, na kipimo chake kitaharibika. Usifinye macho pia. Kufinya kunapunguza mwanga unaoingia na kukupa mistari miwili usiyostahili. Mpima macho atakuona, na namba itashuka.

Pima kila jicho bila miwani, kisha kwa miwani uliyonayo. Halafu chukua kadi, toboa tundu la milimita 1 kwa pini, ukingo uwe safi. Tazama chati kupitia tundu hilo, jicho moja moja, ukiwa umevaa miwani yako.

Majibu yako matatu:

- *Miwani peke yake inakufikisha 6/9 kila jicho.* Endelea.
- *Miwani haikufikishi, lakini kwa tundu unafika.* Miwani yako imepitwa na wakati au ilikatwa vibaya. Hii ndiyo hali rahisi kurekebishwa, na ndiyo inayowakatisha wengi tamaa bila sababu.
- *Hata kwa tundu jicho halipandi.* Tatizo haliko kwenye lenzi. Linaweza kuwa jicho zembe (lililonyimwa picha safi utotoni, ubongo ukazoea kulipuuza), au kovu, au retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha). Usinunue miwani nyingine. Nenda kwa daktari bingwa.

Jicho zembe ndilo kizuizi tusichokisema vya kutosha. Mtu anaishi nalo miaka 20 bila kujua kwa sababu jicho zima linabeba kazi yote. Lisipofika 6/9 kwa lenzi bora kabisa, daraja la kwanza linakuwa gumu sana. Kulifahamu kabla ya ada ndiko kunakookoa kiwanja cha Pongwe.

Ukimaliza hatua hii daftari lako lina namba sita: kila jicho bila miwani, kwa miwani, na kwa miwani pamoja na tundu.

Hatua ya 2: Kipimo kamili cha macho

Anzia kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Kama jicho lina jambo la kuchunguzwa zaidi, watu wa Tanga huelekea KCMC Moshi, au Dar es Salaam kwenye hospitali ya CCBRT na Muhimbili. Maduka ya miwani mjini yana mashine ya kupimia, ila mashine hiyo hutoa makisio tu. Namba ya mwisho lazima itokane na wewe kujibu "hii au ile" mbele ya lenzi.

Ukiwa na umri chini ya miaka 25 hivi, omba upimwe pia kwa matone ya kulegeza msuli wa jicho. Msuli wa kijana una nguvu, unakaza wenyewe wakati wa kipimo, na matokeo yake unapewa minasi (lenzi ya asiyeona mbali) iliyozidi. Unatoka ukiona vizuri mbali, lakini baada ya saa tatu za kusoma kichwa kinauma. Matone hayo yanakuacha na ukungu wa karibu na macho yasiyovumilia jua hadi kesho yake, hivyo siku hiyo usiendeshe pikipiki wala usipange kusoma. Nenda na kofia.

Karatasi utakayopewa inasomeka hivi: SPH ni nguvu ya lenzi (minasi kwa asiyeona mbali, plasi kwa mwenye shida ya karibu), CYL ni kiasi cha kupinda kwa konea (kioo cha mbele cha jicho), AX ni pembe ya huko kupinda. Mfano: jicho la kulia -3.25 / -0.75 x 180. Hakikisha zimeandikwa pia namba ambazo duka la miwani halizihitaji lakini daktari wa marubani atazitaka:

- Upeo (mstari wa mwisho wa chati unaousoma) wa kila jicho bila miwani na kwa miwani, pamoja na macho yote mawili.
- Upeo wa karibu na wa sentimita 100.
- Uwanda wa kuona, shinikizo la jicho, na hali ya retina.
- Jinsi macho yanavyofanya kazi pamoja, hasa kama umewahi kuwa na makengeza.

Linganisha na karatasi ya zamani. Badiliko la chini ya 0.50 kwa mwaka linaonyesha jicho limeanza kutulia. Kama kila mwaka unaongezeka dayopta nzima, safari haijafungwa, ila bajeti ya miwani nayo iingie kwenye mahesabu.

Tahadhari mbili. Kwanza, CYL inayopanda kila mwaka kwa kijana mwenye mzio wa macho anayeyasugua asubuhi na jioni inaweza kuwa dalili ya konea inayochongoka. Omba picha ya ramani ya konea mapema. Kuna tiba ya kuikaza konea isiendelee, nayo hufaa zaidi ikifanywa kabla umbo halijaharibika. Na uache kusugua, hata kama raha yake unaijua.

Pili, matone ya duka la dawa. Macho yakiwasha, muuzaji atakupa matone yenye steroidi kama dexamethasone, na yatakutuliza siku hiyo hiyo. Yakitumika miezi bila kusimamiwa yanaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kosa la miwani hurekebishwa kwa lenzi, lakini neva ya jicho iliyokufa kwa shinikizo haina lenzi.

Hatua ya 3: Rangi

Hapa miwani haisaidii, kwa hiyo lijue jibu mapema.

Kipimo cha kwanza ni kitabu cha Ishihara, zile duara za vitone zenye namba ndani. Kinashikwa kama sentimita 75 kutoka usoni, kwenye mwanga wa mchana au taa inayofanana nao. Balbu ya njano inaharibu kipimo, na jua likipiga kitabu moja kwa moja linakiharibu pia. Mamlaka za Ulaya hutumia toleo la kurasa 24 na kutaka kurasa 15 za kwanza zisomwe bila kosa. Usijipime kwa simu ukaamini. Kioo cha simu kina rangi zake, na mwangaza wa usiku ukiwashwa kinakuwa cha njano kabisa.

Kwa nini wanasisitiza? Kando ya njia ya kurukia kuna safu ya taa nne: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, zote nne nyekundu, uko chini mno. Ndege nyingine usiku huitambua kwa taa nyekundu ya bawa la kushoto na kijani ya bawa la kulia, na hizo ndizo zinazokuambia inakuja au inakwenda. Redio ikifa, mnara unakuongoza kwa taa: kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomweka ni kupisha wengine na kuendelea kuzunguka, na nyekundu inayomweka ni kwamba uwanja si salama, usitue.

Kushindwa Ishihara si mwisho. Kanuni inaruhusu mtu apimwe zaidi, na akiweza kutambua sawasawa rangi zinazotumika angani anapita. Vipimo hivyo vya pili ni vya taa maalumu au vya kompyuta kama CAD, kilichobuniwa City University, London. Upungufu mdogo wa nyekundu na kijani mara nyingine hupita hapo. Kwa kuwa upungufu huu husafiri kwenye kromosomu X, wavulana ndio wanaoupata zaidi. Mjomba wa upande wa mama akiwa anao, jipime mapema.

Ukishindwa vyote viwili, kinachobaki ni daraja la pili lenye sharti la kuruka mchana tu, hali ya hewa ikiwa wazi. Ni leseni ya kujifurahisha, haifikishi kwenye ndege za abiria. Miwani ya rangi inayouzwa mtandaoni kama tiba ya upofu wa rangi haikubaliki kwenye kipimo. Atakayekuuzia kwa ahadi ya urubani anataka pesa yako tu.

Hatua ya 4: Miwani ya kazini

Sasa nunua. Jozi mbili, zote za kipimo kile kile, siku ile ile. Jozi ya akiba ni sharti la cheti, na mtu anayefika kwenye upimaji na jozi moja anajiweka pabaya bure.

Lenzi ziwe safi zisizo na rangi, zenye tabaka la kupunguza mwako. Ukiwa na namba kubwa chukua lenzi nyembamba za kioo kinachopinda mwanga zaidi, maana lenzi nene hupotosha kingo za picha na kula uwanda wa kuona. Kanuni yenyewe inawataka wenye kosa kubwa la macho wavae hizo au lenzi za kugusa jicho.

Miwani ya jua isiwe ya polaroidi. Ukitazama skrini za chumba cha rubani kupitia polaroidi, baadhi zinageuka nyeusi, na kioo cha mbele kinatoa madoa ya upinde wa mvua. Lenzi zinazobadilika rangi zenyewe nazo ni kero: vioo vya ndege huzuia sehemu kubwa ya miale inayozifanya zigeuke, na ukitoka juani ukaingia kwenye wingu zinachelewa kurudi.

Fremu iwe na mikono myembamba iliyonyooka. Mkono mnene unainua mto wa hedfoni, kelele inaingia, na baada ya saa mbili nyuma ya sikio panauma. Kwetu pwani kuna jambo la ziada: chumvi inakula skrubu za bawaba. Fremu ya titani au ya plastiki yenye bawaba imara inadumu kuliko ile ya chuma ya bei poa.

Umefaulu hatua hii kama, ukiwa na jozi yoyote kati ya hizo mbili, chati ya mita 6 inasomeka hadi 6/6 kwa macho yote mawili, na N5 na N14 zinasomeka bila kuvua. Kanuni hairuhusu kubadilisha miwani katikati ya kipimo: jozi moja itoshe mbali na karibu.

Hatua ya 5: Lenzi za kugusa jicho na upasuaji wa leza

Lenzi za kugusa jicho zinaruhusiwa ikiwa ni za nguvu moja, hazina rangi, na jicho limezizoea. Miwani ya akiba bado inabaki jirani. Hewa ya ndani ya ndege kubwa ni kavu sana, kwa hiyo jicho linalokereka ukiwa Tanga penye unyevu litateseka zaidi huko juu. Usizioshe kwa maji ya bomba, na usiogelee nazo Raskazone. Kuna vijidudu vya majini vinavyokula konea na tiba yake ni ya miezi.

Leza si sharti. Wengi wanaikimbilia wakidhani ndiyo tiketi, kumbe miwani ingewapitisha bila kisu. Ukiamua, subiri namba itulie kwanza, hifadhi kipimo cha kabla ya upasuaji, na ujue mamlaka zitataka muda wa kupona na ushahidi wa utulivu. Ulaya, kwa mfano, hutaka badiliko ndani ya siku moja lisifike dayopta 0.75. Mwako wa taa usiku ni madhara yanayojulikana ya upasuaji huu, na rubani hufanya kazi usiku.

Hatua ya 6: Cheti cha daraja la kwanza

Si kila daktari anaweza kukitoa. Ni wale walioidhinishwa tu, na orodha yao utaipata TCAA, ofisi kuu iliyoko Banana, Ukonga, Dar es Salaam. Weka miadi kabla ya kusafiri.

Ile sifa yetu ya "waja leo waondoka leo" haifai hapa. Kutoka Tanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na mtu aliyeamka saa tisa usiku, akakaa dirishani akila vumbi na upepo kupitia Segera na Chalinze, anafika na macho mekundu na shinikizo la damu lililopanda. Nenda siku moja kabla, ulale.

Kama umezoea lenzi za kugusa jicho, zivue angalau siku moja kabla na uvae miwani, kwa sababu lenzi hubadili umbo la konea kwa muda. Kama una macho mekundu ya kuambukiza, kama yale yaliyozagaa mwanzoni mwa 2024, ahirisha. Usijitie maji ya chumvi wala utomvu wa majani.

Siku yenyewe beba: miwani jozi mbili, ripoti ya macho ya hatua ya 2, vipimo vya zamani, kitambulisho. Utapimwa pia mkojo, shinikizo la damu, masikio kwa mashine ya sauti, na umeme wa moyo. Macho ni sehemu moja tu, na wapo waliojiandaa kwa macho miaka miwili wakakutwa na jambo la sikio.

Fomu itauliza kama unavaa miwani, kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho, na kama umewahi kukataliwa cheti. Jibu kweli. Miwani haikuondoi, ila uongo kwenye fomu unaweza kukufutia cheti na leseni miaka baadaye, ukiwa tayari na familia na mkopo. Kukariri chati ni uongo ule ule kwa njia nyingine. Daktari ana chati zaidi ya moja.

Matokeo mazuri yanaonekana hivi: cheti cha daraja la kwanza chenye sharti kwamba mhusika avae miwani na awe na jozi ya akiba. Sharti hilo ni la kawaida na halikushushi cheo. Wapo makapteni wengi wanaoruka nalo hadi kustaafu.

Hatua ya 7: Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, ikiwa na namba. "Macho mabaya" si sababu. "Jicho la kushoto 6/12 kwa miwani" ni sababu, na inakuelekeza pa kwenda.

Kama ni 6/12 inayopanda kwa tundu, ni miwani: rudi hatua ya 2. Kama ni jicho lisilopanda, omba ripoti ya bingwa na uombe mamlaka ipitie upya. Viwango vya ICAO vinaacha nafasi ya uamuzi maalumu wa kitabibu pale inapothibitika kwamba upungufu hauhatarishi safari. Usitarajie sana kwa mwombaji mpya wa daraja la kwanza, lakini uliza.

Kuhama nchi kutafuta kipimo chepesi kuna mtego. Marekani, kwa mfano, hutaka 6/6 kwa *kila* jicho, kali kuliko 6/9 ya ICAO, ingawa ina utaratibu wa kumpa msamaha mwenye upungufu baada ya jaribio la kuruka na mkaguzi. Ila Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 39 na 40, unasema leseni ya mtu asiyetimiza viwango iandikwe hivyo, na isitumike kuruka kwenye nchi nyingine bila ruhusa yake. Msamaha wa huko si lazima uheshimiwe Dar.

Na usikimbilie uongozaji ndege ukidhani ndio mlango wa pili. Waongozaji wana daraja la tatu, na kipimo chao cha macho ni 6/9, 6/6 na rangi vile vile. Kazi za angani zisizobanwa na cheti hicho ni kama kupanga safari za ndege na uendeshaji wa viwanja.

Hatua ya 8: Sasa ndiyo ada

Ukiwa na cheti mkononi, chagua chuo. Wengi kutoka Tanzania husomea Nairobi kwenye uwanja wa Wilson, Afrika Kusini, au mbali zaidi. Ukisomea nje utahitaji cheti cha afya cha nchi itakayokupa leseni, kwa hiyo kapimwe huko kabla ya kulipa zaidi ya ada ya usajili, na uwaulize TCAA masharti ya kubadilisha leseni utakaporudi. Vyuo hutazama Hisabati, Fizikia na Kiingereza, na kwa leseni unahitaji angalau daraja la 4 la Kiingereza cha anga.

Viwango vya chini vya ICAO ni hivi: leseni binafsi miaka 17 na saa 40 za kuruka; leseni ya biashara miaka 18 na saa 200, au 150 ndani ya kozi iliyoidhinishwa; leseni ya rubani wa ndege za abiria wa ngazi ya juu miaka 21 na saa 1,500. Katikati kuna idhini ya kuruka kwa vipima (bila kutegemea kuona nje) na ya ndege za injini mbili, bila hizo shirika la ndege halikuangalii.

Mwenye miwani apange ndege za usiku mapema kwenye mafunzo. Gizani jicho huelea upande wa minasi, na minasi 0.50 iliyobaki bila kurekebishwa, ambayo mchana huijui, usiku inazungushia kila taa ya uwanja ukungu. Ukiona hivyo, rudi kwa mpima macho kabla ya kumlaumu mwalimu.

Hatua ya 9: Kukilinda cheti

Daraja la kwanza hudumu miezi 12. Ukipita miaka 40 na ukawa unabeba abiria peke yako chumbani bila rubani msaidizi, kama inavyoweza kuwa kwenye ndege ndogo za aina ya Caravan zinazotua uwanja wa Tanga, inakuwa miezi 6. Ukipita 60, ni miezi 6 kwa wote.

Kati ya vipimo, ukipata badiliko lolote la macho jisimamishe mwenyewe kabla daktari hajakusimamisha: jeraha, upasuaji, matone mapya, kuona kitu kimoja viwili, au madoa na mimweko ya ghafla. Mimweko pamoja na pazia jeusi pembeni ni dharura ya siku hiyo hiyo, hasa kwa wenye minasi kubwa, kwa sababu retina yao ni nyembamba na huchanika kirahisi kuliko ya wengine.

Kuanzia miaka 40 hivi, N5 itaanza kukimbia. Miwani ya kusomea tupu hairuhusiwi kwa sababu inafuta mbali. Chukua yenye sehemu mbili au ya mpito. Na kwa kuwa baadhi ya vitufe viko juu ya kichwa, mweleze mpima macho hivyo, akae akijua kwamba wewe husomi kwa kuinamisha shingo tu.

Jozi ya akiba ikaguliwe skrubu kila mwezi. Ikae ndani ya begi la rubani upande ambao mkono unafika ukiwa umefunga mkanda, kwenye kasha gumu, si kwenye sanduku lililoko nyuma na abiria.